Ukuta ulionyimwa pumzi: kisa cha jumba la enzi ya Victoria katika mji mdogo wa Georgia

Jumba hili liko kusini-magharibi mwa jimbo la Georgia, Marekani, katika mji wenye taa moja ya kusimamisha magari na stesheni ya reli isiyopokea abiria tena. Jina la mji, la wenye nyumba na la makampuni yaliyopita pale sikuliweka, na vipimo vichache nimevisogeza ili nyumba isitambulike. Mimi ni mwashi. Nilizaliwa Mji wa Kale, Mombasa, nikajifunza kazi ya chokaa kwa mjomba wangu, na riziki yangu ya sasa ni kukarabati kuta za kale huku Kusini mwa Marekani. Niliitwa mambo yakiwa yameshaharibika, lakini si yote yaliharibika nikiwa sipo. Sehemu yangu nitaisema nikiifikia.

## Usuli

Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901. Wamarekani hawakuwa raia wake, ila jina lake wamelibandika kwenye karibu kila nyumba yenye mnara na nakshi za mbao iliyojengwa katika nusu ya pili ya karne hiyo. Hii yetu ni ya miaka ya 1890, kwa hiyo ni rika moja na Beit-al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa 1883. Ghorofa ya chini ni matofali, ya juu ni mbao iliyovikwa vigae vidogo vya mbao vilivyokatwa kama magamba ya samaki. Ina mnara wa duara pembeni, na veranda inayoizunguka pande tatu.

Mtu akiiona hudhani mwenyewe alileta msanifu kutoka mji mkubwa. Mara nyingi haikuwa hivyo. Zama zile ramani za nyumba ziliuzwa kwa posta. George Barber wa Knoxville, Tennessee, alijulikana nchi nzima kwa biashara hiyo. Mfanyabiashara wa pamba alichagua mnara kwenye kitabu cha picha, akalipia, bahasha ikaja kwa treni, na mafundi wa hapohapo wakajenga kwa walichokuwa nacho: mbao za msonobari wa majani marefu kutoka msitu wa karibu, matofali ya udongo wa karibu, chokaa na mchanga wa kijitoni. Mchanga huo nitaurudia.

Kisha akaja mdudu wa pamba. Aliingia Texas akitokea Mexico mnamo 1892, na kufikia miaka ya 1910 alikuwa ameshafika Georgia. Fedha zikakauka. Jumba likapangishwa chumba kimoja kimoja, baadaye likawa ofisi ya kuandaa mazishi, mwisho likafungwa likabaki na popo.

Aliyelinunua ni muuguzi mstaafu kutoka jimbo la kaskazini, yeye na mumewe. Humu nitamwita Mama. Alitaka wakae vyumba viwili vya nyuma na vingine vitano wavifanye nyumba ya wageni, na alitaka kufungua mwezi Machi, azalia zinapochanua na watu kuja kuzitazama. Ile tarehe ya Machi ndiyo iliyoendesha kila kitu kilichofuata.

Lazima niseme kidogo jinsi ukuta wa namna hii unavyofanya kazi, maana bila hilo kisa hakieleweki. Una matofali matatu kwa unene, kama sentimita 33, bila uwazi katikati. Hauzuii maji; unayanywa kidogo mvua ikinyesha na kuyatoa jua likiwaka. Njia kuu ya kuyatoa ni maungio ya chokaa, kwa kuwa chokaa ni laini na ina vitundu vingi kuliko tofali. Tofali lenyewe la zama zile lina ngozi ngumu iliyopata moto vizuri tanuuni, na ndani ni laini kama biskuti. Ngozi ikitoka, haioti nyingine.

## Kilichotokea

Septemba lipu ya chumba cha kulia ilianza kufura na kudondoka, upande wa kaskazini, tangu sakafuni hadi usawa wa kiuno. Mama akaita kampuni. Wakaona maungio ya nje yameliwa, wakashauri mambo mawili: kupiga pointi upya (yaani kuyajaza upya maungio) kwa saruji, na kupaka ukuta mzima dawa ya uwazi ya kuzuia maji. Wiki mbili, dhamana ya miaka kumi. Simlaumu Mama hata kidogo. Maswali aliyouliza (bei, muda, dhamana) yangemtosha kabisa kwa nyumba iliyojengwa juzi.

Novemba niliitwa kuangalia dohani. Nilipofika niliona maungio mapya ya kijivu, magumu, yamekatwa safi kwa grainda, na pembe za matofali mengi zimeliwa na ile mashine. Nikamwambia Mama kwa upole kwamba saruji kwenye tofali hili italeta matatizo. Akajibu, "Imeshalipiwa." Siku ileile, mbele ya nyumba, lilikuwepo lori la kampuni nyingine likishusha madirisha ya plastiki. Tisa, ya upande wa barabarani na wa mnara. Niliyaona. Nikajiambia mimi nimeitwa kwa dohani, madirisha hayanihusu. Nikapanda juu, nikapima nilichoitiwa, nikaondoka.

Desemba unyevu haukupungua, ukapanda hadi kifuani. Mama akanunua mashine mbili za kukausha hewa. Kila moja ilijaza ndoo kwa siku, na ukuta ulikuwa uleule. Chumvi nyeupe ikaanza kuchanua kwenye lipu kama unga uliomwagika, na harufu ya nyumba iliyofungwa ikawa inakupokea mlangoni.

Mwishoni mwa Januari akanipigia mwenyewe. Nje, chini ya dirisha la maktaba, nyuso za matofali zilikuwa zinababuka. Aliokota vipande akavipanga kwenye ukingo wa veranda, vyembamba kama vigae vya chungu. Nilivihesabu: 40 na kitu. Maungio ya saruji yenyewe yalikuwa mazima, yametokeza nje kama mbavu, matofali yamerudi nyuma.

Wahenga walituachia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kilichokuwa kinabomoa ukuta ni huko kuziba.

## Uchunguzi

Kipimo cha kwanza kilikuwa chupa yangu ya maji ya kunywa. Nilirusha matone kwenye ukuta wa kaskazini. Yakasimama kama shanga, kisha yakateleza hadi chini. Nikaenda ukuta wa mashariki, usiopakwa dawa, nikarusha tena. Tofali likayameza kabla sijakifunga kizibo. Kipimo cha pili kilikuwa ufunguo wa gari. Maungio ya zamani upande wa mashariki yalichunika unga. Ya kaskazini yaliuparuza ufunguo.

Kwa hiyo njia ya kutokea maji imezibwa. Lakini ukuta usioingia maji hauna cha kutoa, na huu ulikuwa na maji ya kujaza ndoo mbili kila siku. Yalitoka wapi?

Hapo ndipo nilipompigia mjomba. Ilikuwa usiku Mombasa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Wasemaje saa hizi?"

Nikamweleza. Akacheka. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji wa Kale zimepakwa saruji nyingi tangu simiti iwe rahisi, na yeye nusu ya maisha yake ameitumia kuibandua. "Ukuta ukitoka jasho," akasema, "mwache kwanza ukuta. Mtafute anayeumwagia maji. Atakuwa juu, au atakuwa chini."

Alikuwa juu na chini. Wa juu nilionyeshwa na mzee mmoja Mwafrika-Mmarekani, mwashi aliyestaafu, anayekaa mitaa miwili kutoka pale. Humu nitamwita Mzee tu. Alikuwa akipita kila siku na fimbo yake, akisimama kuangalia jukwaa letu bila kusema. Siku ya tatu nikamkaribisha kiti. Akainua fimbo akaielekeza pale mnara unapokutana na paa: "Pale pana gata ya kufichwa. Baba yangu aliitia bati jipya nikiwa mtoto. Hakuna aliyeigusa tena." Gata, yaani mifereji ya maji ya paa, za enzi ya Victoria hazining'inii nje, zimechongwa ndani ya ukingo wa paa na kutandikwa bati, hazionekani kabisa ukiwa chini. Tulipopanda, bati lilikuwa na tundu linalopitisha kidole gumba, na maji ya nusu ya paa yalikuwa yakiteremka ndani ya ukuta hadi chumba cha kulia. Mzee alikuwa ameshamwambia Mama jambo hili tangu Septemba, uani. Mama alimshukuru, akampa chai ya barafu, akaendelea na kampuni yenye dhamana ya miaka kumi.

Wa chini alikuwa bustani. Vitalu vya kamelia vilikuwa vimejazwa udongo mwaka hadi mwaka mpaka ukafunika ukuta kwa sentimita 30 hivi, juu ya matundu ya hewa ya uvunguni. Bomba la udongo linalopokea maji ya paa lilikuwa limejaa mizizi ya mmagnolia. Nikaingia uvunguni kwa tumbo, na tochi mdomoni. Boriti za sakafu ya chumba cha kulia ni 14, na vichwa vyake vimeingia ukutani. Vinne kati yake niliweza kuvichimba kwa bisibisi kama boga lililoiva. Viwili vilikuwa na mchwa. Dawa ya mchwa ilikuwa imepigwa kwa uangalifu ardhini kuzunguka msingi wote. Udongo wa bustani ulikuwa daraja la kuivuka.

## Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, na uliokuwa mgumu kwa Mama kuliko yote, ulikuwa kuacha ukuta. Usiguswe mpaka maji yakatike. Yeye alitaka tuanze na kile kinachoonekana na wageni. Tukakubaliana: gata kwanza, bomba la pili, udongo wa tatu, vichwa vya boriti vya nne, ukuta wa tano, lipu ya ndani mwisho kabisa. Orodha tukaibandika mlangoni pa jiko.

Gata ilitandikwa bati upya likiunganishwa kwa risasi ya kulehemu, na tukaongeza tundu la dharura ili siku ikiziba maji yaanguke nje hadharani badala ya ndani kimyakimya. Udongo ukashushwa kwa koleo. Kamelia mbili zilihamishwa, moja ilikufa, na Mama aliililia kuliko madirisha.

Kuhusu maungio, tulijadiliana kama tung'oe saruji au tuiache. Kung'oa kunaweza kuvunja matofali mengi kuliko saruji yenyewe. Tukajaribu kwanza mita moja ya mraba mahali pasipoonekana, nyuma ya tangi la gesi. Ilionekana kwamba ile kampuni, kwa haraka yao, walikuwa wamekwangua chokaa ya zamani kwa kina cha sentimita moja tu na kubandika saruji juu yake. Kanuni ni kuondoa kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa ungio. Uzembe wao ukawa bahati yetu: saruji ilibanduka kwa tindo na nyundo ndogo, kipande kwa kipande. Grainda niliikataza kwenye maungio ya kusimama, kwa kuwa ni mafupi na mashine haijui kusimama mahali tofali linapoanza.

Mchanganyiko mpya ulikuwa chokaa iliyolowekwa, kipimo kimoja kwa mchanga vipimo viwili na nusu, bila saruji hata kijiko. Najua wapo wanaotia kidogo ili ishike upesi. Viwango vya Marekani vinapanga mchanganyiko wa kujengea kwa herufi: N ni saruji moja, chokaa moja, mchanga sita, O ni moja, mbili, tisa. Hata O ilikuwa ngumu mno kwa tofali lile, kwa sababu ungio lazima liwe dhaifu kuliko tofali. Ikibidi kitu kivunjike, kivunjike kile kinachobadilishwa kwa mwiko.

Ili kupata rangi, nilichukua kipande cha chokaa ya zamani nikakilowesha katika asidi hafifu mpaka chokaa ikaisha kwa mapovu, nikabaki na mchanga wenyewe: wa manjano, wa mviringo, wenye chembe nyeusi mojamoja. Mchanga wa dukani ni mweupe na wenye kingo kali. Mzee akanusa, akasugua kwa vidole, akataja kijito kilichoko maili nne kutoka pale. Tukaomba ruhusa kwa mwenye shamba, tukajaza ndoo kumi, tukachekecha. Ukiutazama ukuta leo huoni tulipoanzia.

Chokaa hushika kwa kuvuta hewa, wala haitaki kukimbizwa. Tulifunika kwa magunia na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni. Vijana wangu wawili walichoka na magunia kuliko na tindo.

Ile dawa ya kuzuia maji ilikuwa ya aina inayotanda juu kama ngozi, si ile inayozama ndani, kwa hiyo sehemu kubwa tuliitoa kwa dawa nyingine ya kuibandua na kuosha taratibu kwa maji. Kupiga mchanga kwa mashine hapana. Kungeondoa dawa pamoja na ngozi ya tofali.

Ndani, nilimwambia Mama asubiri kabla ya lipu. Mafundi huhesabu kwamba ukuta mzito hukauka kama sentimita mbili na nusu za unene kwa mwezi. Huu ulihitaji mwaka mzima na zaidi.

## Madirisha na kodi

Hapa ndipo kisa kinapotoka kwenye uashi, na ndipo fedha nyingi zilipokuwa.

Serikali ya shirikisho ya Marekani inampa anayekarabati jengo la kihistoria la kuingiza kipato nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama zinazostahili. Kwa kila dola 100,000, dola 20,000 zinakatwa kwenye kodi anayodaiwa, siku hizi kwa mafungu katika miaka mitano. Jengo liwe kwenye Sajili ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1966, au ndani ya eneo lililosajiliwa na lithibitishwe kuwa linachangia historia yake. Gharama ndani ya miezi 24 zizidi thamani ya kimahesabu ya jengo bila kiwanja. Sharti hilo ni zito kwa nyumba nzuri, na jepesi kwa gofu lililonunuliwa bei ya kutupa. Ndiyo maana majumba haya ya miji midogo hufaidika. Nyumba ya wageni ni kipato, kwa hiyo vile vyumba vitano vilistahili, ila vyumba walivyokaa wenyewe havikuhesabiwa.

Mama alijua habari hii tangu mwanzo. Alichokosea ni zamu yake: alidhani maombi hupelekwa kazi ikiisha, kama stakabadhi. Maombi yana sehemu tatu. Ya kwanza inathibitisha jengo, ya pili inaeleza unachokusudia kufanya, ya tatu inaonyesha ulichofanya. Yote hupita ofisi ya uhifadhi ya jimbo kisha huenda Idara ya Hifadhi za Taifa. Ukianza kazi kabla ya sehemu ya pili kupitishwa, umeanza kwa hasara yako. Tena kazi hukaguliwa nzima: kosa moja kubwa linaweza kuangusha ombi lote, hata kama gata, maungio na boriti ni safi.

Na madirisha ya plastiki ni kosa kubwa. Miongozo inasema kilichochakaa kitengenezwe, na kama hakitengenezeki, kinachowekwa kifanane na cha kwanza. Madirisha yale ya zamani ya kupandisha, yenye kamba na vyuma vya uzani ndani ya fremu, yalikuwa ya kiini cha msonobari. Yalihitaji kamba mpya, puti na rangi. Mama aliniuliza kwa uchungu kwa nini hakuna aliyemzuia ilhali nyumba imesajiliwa. Hilo ndilo watu wengi hawalijui: Sajili ya Taifa haimzuii mwenye nyumba kufanya lolote kwa fedha zake mwenyewe. Kinachozuia ni sheria ya mji, pale mji unapokuwa na kamati ya eneo la kihistoria. Mji huu hauna.

Tukasimamisha kila kitu kisichohusu maji, Mama akamwajiri mshauri, maombi yakapelekwa yakikiri madirisha yalivyoondolewa. Jibu lilikuja kwa masharti: yale tisa yarudishwe kwa mbao. Sita kati ya ya zamani yalikuwa yamelazwa kwenye banda la gari. Kampuni ilikuwa haijarudi kuyazoa. Matatu yalikuwa yameshakwenda jaani, na seremala akayachonga mapya kwa mbao za ghala lililobomolewa.

Kulikuwa na jambo jingine nililoligundua tulipokuwa tunayarudisha. Rangi ya zamani ilikuwa na risasi, madini yenye sumu, kama ilivyo karibu nyumba zote za umri huo. Marekani iliipiga marufuku kwenye makazi mwaka 1978. Tangu 2010 anayelipwa kuvuruga rangi hiyo lazima awe na cheti, atandike plastiki na asafishe vumbi. Waliobandua madirisha hawakutandika kitu. Vumbi lilikuwa kwenye nyufa za sakafu ya chumba ambacho wajukuu wa Mama walilala Krismasi. Wakapimwa damu, na namshukuru Mungu walikuwa salama.

## Ngazi ya nyuma

Sehemu hii ni fupi ila siwezi kuiacha. Nyuma ya jiko kuna ngazi nyembamba, ya mwinuko mkali, isiyo na nakshi. Mama alitaka kuivunja apate bafu la ghorofani, na kwa kuwa ni sehemu ya nyuma, isiyo na urembo, huenda angekubaliwa. Siku moja Mzee aliomba kuiona. Alipanda vidato vitatu, akashika ukuta mahali plasta imeng'arishwa na mabega ya watu, akasema bibi yake alifua na kupika katika nyumba hii, na hakuwahi kukanyaga ngazi ya mbele mpaka siku walipoleta jeneza la mwajiri wake. Akashuka, akaomba maji.

Bafu lilihamishiwa kwenye stoo ya vitambaa. Ngazi haikuguswa wala kupakwa rangi, na wageni huonyeshwa hiyo kabla ya mnara.

## Matokeo

Machi ya kwanza ilipita nyumba ikiwa imefungwa. Vyumba vitatu vilifunguliwa Oktoba, viwili Aprili iliyofuata. Chumba cha kulia kilikaa miezi 14 na matofali wazi. Wageni walikula pale wakapiga picha. Wapo walioulizia kama ndiyo mtindo. Kipimo cha unyevu kiliposhuka na kutulia, tukapiga lipu ya chokaa, na hadi leo haijatoa chumvi. Nafuu ya kodi ilipatikana, baada ya kuchelewa takriban mwaka. Gharama ya kununua madirisha ya plastiki, kuyang'oa na kurudisha ya mbao ilimeza sehemu yake nono. Matofali 63 yaliyobabuka kupita kiasi yaligeuzwa uso wa ndani ukawa wa nje, au kubadilishwa kwa ya banda lililoanguka.

## Uchambuzi

Wengi wakisikia kisa hiki husema tatizo lilikuwa saruji. Saruji ilikosea, sawa. Lakini nikiupitia mfuatano wote naona karibu kila hasara ilitokana na jambo kufanywa kabla ya zamu yake. Kupiga pointi kabla ya kukata maji. Dawa kabla ya kujua maji yanatoka upande gani. Madirisha kabla ya maombi. Hata dawa ya mchwa ilipigwa kabla ya udongo kushushwa. Kama gata ingetengenezwa Septemba, kwa siku nne za kazi, naamini saruji ile mbaya ingekaa miaka kabla ya kuleta madhara ya kuonekana, na tungepata nafasi ya kuishughulikia polepole.

Kilichofaa zaidi ni ile mita moja ya majaribio nyuma ya tangi. Ilitupa jibu kuhusu saruji, ikanipa kipimo cha kazi ya siku moja, na ikampa Mama kitu cha kugusa kwa mkono kabla ya kutoa hundi. Kusubiri lipu nako kulifaa, ingawa tulikaribia kushindwa mara mbili. Mwezi wa sita alikuwa ameshaagiza karatasi za ukutani.

Namna taarifa zilivyosafiri ni kushindwa ambako sina hakika nimekupatia dawa. Aliyejua ugonjwa wa nyumba tangu siku ya kwanza alikuwa mzee wa mtaani asiye na kadi ya biashara wala dhamana ya maandishi. Mama ni mtu mwema. Alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza hadithi za zamani. Siku hizi nikiitwa mahali, kabla ya kufungua mkoba wa vifaa naulizia nani alifanya kazi katika nyumba hii, au baba yake nani.

Na kosa langu la Novemba. Ningesema sentensi moja kuhusu lile lori, "Mama, umeshapeleka maombi?", pengine wangepakia tena madirisha yao. Nilinyamaza kwa adabu ya kazi, kwamba fundi haingilii mkate wa fundi mwingine. Nilimwambia Mama hivyo baadaye, akanitazama kwa muda, akaniuliza kama nitakunywa kahawa.

Upande wa kaskazini, chini ya dirisha la maktaba, imebaki kama mita mbili za ukuta ambapo ile dawa ilikataa kutoka bila kuondoka na tofali. Tumeiachia jua na mvua. Kila Machi nikipita njia ile nasimama na chupa yangu, narusha matone kumi. Mwaka wa kwanza yote yaliteleza. Mara ya mwisho matatu yaliingia.